Mkwe Nyuma ya Pazia

Wanangu mnaoanza kuvaa sare nyeupe, mimi siku hizi nasinzia mchana. Nikishakula bada yangu ya muhogo na kisamvu nakaa barazani, ukungu unapanda taratibu kutoka upande wa Irente, unaifunika mipeasi ya jirani, halafu unanifunika na mimi. Hapo sijui tena kama nimelala au niko macho. Nasikia maji tu. Mara ni mfereji wa jirani anayemwagilia kabichi zake, mara ni maji ya zamani, yale ya wodi ya wanaume, yakianguka kwenye beseni. Nikiyasikia hayo ya zamani natabasamu peke yangu, na wajukuu wanauliza, bibi unacheka nini? Nawaambia nimeota. Nyie nitawasimulia, maana kazi yenu haina nafasi ya kuona haya.

Nimewauguza wazee wenye matatizo ya tezi dume kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Sikuchagua. Mtu hachagui wodi, anapangiwa. Wenzangu waliopangiwa wodi ya wazazi walipata sifa, watoto wakapewa majina yao, leo ukienda Mlola utakutana na kina Sista Rehema wadogo watatu nyumba moja. Mimi hakuna mtoto aliyepewa jina langu eti kwa sababu babu yake alikojoa. Lakini sijaona furaha inayoizidi ya mzee aliyekuwa amezibwa halafu akazibuka. Nimewaona wanaume waliozika wake na watoto bila kutoa chozi, wakilia kwa sababu ya kopo la mkojo. Nami nililia nao, sioni aibu kusema.

Aliyenifundisha kazi hii ni Mama Elieza, mkuu wetu wa wodi, Mlutheri wa Mlalo, mwanamke mnene mwenye vikono vidogo kama vya msichana. Hakupenda maneno makubwa. Mgonjwa akiuliza ana ugonjwa gani, Mama Elieza alikuwa anachukua chaki na kuchora sakafuni. "Hili bwawa, ndicho kibofu. Huu mfereji. Hapa mfereji unapoanzia kuna tezi imeuzunguka. Ulipokuwa kijana ilikuwa ndogo, huna habari nayo. Sasa umezeeka, nayo imenenepa, inaubana mfereji. Maji yanapita kwa kuomba. Siku moja yatakataa kabisa, na bwawa likijaa bila njia, maji yanarudi nyuma mpaka kwenye figo." Hapakuwa na mzee wa milima yetu asiyeelewa. Wote walishawahi kugombana na jirani juu ya zamu ya maji.

Kuelewa walielewa, tatizo lilikuwa kusema. Wazee wetu hawasemi. Mzee anapanda mlima toka alfajiri, anafika, unamuuliza anaumwa nini, anajibu "kichwa." Ukimpa dawa ya kichwa anashukuru na kurudi nayo kwao. Mama Elieza alikuwa hamuulizi mzee anaumwa nini. Alimwuliza, "Baba, unalalaje?" Akisema anaamka amka, "Ukiamka unafanya nini?" Akisema anatoka nje, "Na ukishatoka nje, unakaa sana?" Hapo mzee anatazama dirishani, kimya. Kimya hicho ndicho jibu, msikifukuze kwa swali lingine. Mwacheni atazame ukungu, akimaliza atasema mwenyewe. Na kamwe msimwulize mbele ya mke wake wala kijana wake.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo halimo kwenye vitabu vyenu. "Kabla hujafunua shuka," alikuwa akisema Mama Elieza, "funua ukoo."

Niliijua maana yake nilipopewa mzee wangu wa kwanza wa kumwogesha na kumsafishia mpira wa mkojo, ule unaoingia kibofuni. Alikuwa mkulima wa viazi, kavu, mkali. Aliponiona akavuta blanketi mpaka kidevuni. "Huyu ni umri wa binti yangu," akasema. "Mwondoeni." Mama Elieza akaja, akaketi, akaanza kumuuliza kwao ni wapi, mama yake katoka ukoo gani, shangazi yake kaolewa wapi. Kisha akaniuliza mimi vivyo hivyo. Wakazunguka vijiji vyote, wakashuka bondeni, wakapanda tena, mpaka wakakuta kwamba kwa upande wa mama yangu huyu mzee ni babu yangu. Uso wake ukabadilika. Binti hawezi kumwona baba yake, lakini mjukuu ni mtani wa babu yake, na mjukuu wa kike babu humwita mke. "Kumbe ni mke wangu!" akasema, na blanketi likalegea. Nami nikamjibu kama mke, "Mume gani huyu, ananuka viazi? Geuka huko nikuogeshe." Alicheka mpaka mpira ukatikisika.

Tangu siku ile nikawa natafuta udugu kabla ya kugusa mtu. Nimekuwa mke wa wazee wengi kutoka Mlola hadi Mnazi, na mume wangu halisi, Hemedi, hakuwahi kulalamika. Alisema tu niangalie wasije kudai warithi.

Siku zile ndizo mambo yalikuwa yanafunguliwa nchini, enzi za ruksa. Nyie mmezaliwa mkikuta glavu kwenye boksi, unavaa, unatupa. Sisi tulizifua, tukazianika kwenye kamba nyuma ya wodi, tukazipaka poda, zikaonekana kama mikono inayotuaga. Mkojo tuliupokea kwenye chupa za maji ya dripu zilizokwisha, tumezifunga kwa bandeji kwenye chaga ya kitanda. Halafu maduka ya dawa ya watu binafsi yakaanza kuota Lushoto mjini, mitumba ikapanda mlima, na siku moja nikaona kwa mara ya kwanza mfuko wa plastiki wa mkojo, unaoonesha ndani, una mistari na bomba la kufungulia chini. Niliushika kama mtu aliyeletewa nguo ya sikukuu.

Ila kila kipya kina ujinga wake. Mzee mmoja tulimruhusu aende nyumbani na mfuko wake, tukampa maelezo, akaitikia yote. Akajinunulia koti kubwa la mtumba, akautundika mfuko begani kama mkoba, ndani ya koti, akaenda sokoni kuuza magimbi, maridadi, hakuna aliyejua. Akarudi kwetu anatetemeka kwa homa. Nikamwambia, "Babu, maji yanapanda mlima?" Akafikiri, akasema, "Hayapandi. Yanashuka." "Sasa mfuko wako uko juu, kibofu kiko chini. Maji yatakwenda wapi?" Akalipiga koti lake kofi kama ndilo lililomshauri. Kwa hiyo kumbukeni, mfuko siku zote uwe chini ya kibofu, lakini usiguse sakafu. Na mtu mwenye mpira anywe maji. Wengi wataacha kunywa ili wapunguze usumbufu, na mkojo ukiwa mzito mpira unaziba. Waambieni mfereji mkavu ndio unaojaa mchanga.

Sasa niwaeleze kwa nini natabasamu usingizini.

Baba mkwe wangu, Mzee Athumani, baba yake Hemedi, aliishi Mlola. Alikuwa mtu mrefu, mpole, anayesalisha pale msikitini kwao mwenye zamu asipokuwepo. Kwetu mke wa mwana na baba mkwe wana mpaka baina yao. Mwanamke haketi kwenye kiti cha mkwe, hapiti mbele yake akila, na wakikutana kwenye njia nyembamba ya shambani mwanamke anaingia pembeni, anapiga magoti kidogo, anasema shikamoo huku akitazama majani. Tangu nimeolewa sikuwahi kumtazama machoni. Na nilimpenda, kwa sababu mwaka nilioolewa alimwambia Hemedi, "Mke wako asome kazi yake mpaka mwisho," watu wengine wakishauri niache.

Asubuhi moja yenye ukungu mzito wakamleta juu ya lori la kabichi. Hemedi na ndugu yake walimshusha wamemshika makwapa. Niliona tumbo lake kwa mbali, limejaa chini ya kitovu, gumu. Alikuwa hajapata tone tangu jana yake. Kumbe miezi mingi alikuwa anahangaika, na hakumwambia mtu, kwa sababu kumwambia mtu kungefika kwangu.

Aliponiona mlangoni mwa wodi akageuza uso ukutani. "Hemedi," akasema, "nirudishe nyumbani."

"Baba, utakufa."

"Nirudishe. Kufa kuna staha yake."

Hemedi akanitazama. Sijawahi kumwona mume wangu vile, mtu mzima amekuwa mtoto. Daktari na nesi wetu wa kiume walikuwa wameteremka na gari kwenda Mnazi kwenye kliniki, na mvua ilikuwa imemwaga udongo barabarani, hawawezi kupanda. Mama Elieza alishastaafu, anafuga kwao Mlalo. Wodini tulikuwa wawili tu, mimi na Tumaini, binti wa Kinyakyusa kutoka Tukuyu aliyeletwa kwetu karibuni. Ukoo ningeufunua upande gani? Mkwe ni mkwe. Hata ningezunguka vijiji vyote vya Usambara, nisingegeuka mjukuu wake. Niliogopa sana. Nilikuwa najua hasa ni nini kinaendelea ndani ya tumbo lile, na mikono iliyojua kulifungua ndiyo mikono iliyokatazwa.

Nilimvuta Tumaini stoo nikamweleza. Nilidhani ataniambia mgonjwa ni mgonjwa, kama walivyofundishwa. Akashika kinywa. "Sista, mkwe? Kwetu wewe ungekuwa umeshakimbilia migombani zamani!" Nikajua nimepata mtu.

"Wewe utafanya," nikamwambia.

"Mimi? Kwa mzee mwenye tezi? Nimeshika trei tu, sista. Nimeona tu."

"Wewe utakuwa mikono. Mimi nitakuwa mdomo."

Tukarudi wodini. Tumaini akavuta pazia la kijani kuzunguka kitanda, akapiga magoti, akamwambia, "Shikamoo babu. Mimi ni mjukuu wako, mke wako wa Tukuyu. Yule dada mwingine ameitwa wodi ya wazazi." Nami kwa sauti kubwa nikasema, "Haya Tumaini, mimi nakwenda," nikatembea mpaka mlangoni nikigongesha viatu kwenye saruji, nikafungua mlango, nikaufunga. Kisha nikavua viatu. Nikarudi peku, polepole, nikasimama nyuma ya pazia upande wa kichwani kwake. Saruji ya wodi yetu ilikuwa baridi kama mto. Nasema hivi na miguu yangu inaikumbuka.

Hemedi alimshika baba yake mkono. Nikaanza kunong'ona kwa Tumaini kupitia upenyo wa pazia. Osha kwanza, taratibu, kwa maji ya vuguvugu, maji ya baridi yanamkaza. Jeli usiionee uchungu, weka ya kutosha, subiri kidogo. Inua, inyooshe kuelekea juu. Sasa ingiza, usikimbie.

"Umekwama, sista," Tumaini akanong'ona. "Umegonga ukuta."

Hapo ndipo penye tezi, na hapo ndipo wengi wanapoharibu, wanasukuma kwa nguvu na kutoboa njia isiyokuwepo. Nikamwambia, "Usisukume. Tulia hapo hapo na mpira wako. Mwambie avute pumzi, halafu akohoe."

Kabla Tumaini hajafungua kinywa, Mzee Athumani akavuta pumzi. Kisha akakohoa.

Tumaini akageuza macho kwenye upenyo, na mimi nikayaona macho yake tu, makubwa. "Tena," nikanong'ona, na mzee akakohoa tena, kwa utii kabisa, uso kaelekeza darini. Mpira ukateleza ukapita.

"Usijaze puto la kuushikilia mpira bado! Subiri mkojo." Tukasubiri. Halafu nikausikia unaanguka kwenye beseni, kwanza kidogo, kisha mfululizo, mrefu, usioisha, na mzee akatoa pumzi moja ambayo nadhani alikuwa ameishika tangu Mlola. "Alhamdulillahi," akasema. Hemedi akaweka paji la uso kwenye mkono wa baba yake. Mimi nimesimama peku na machozi yananitoka, nami siruhusiwi kupenga kamasi.

Alikaa kwetu mpaka daktari akarudi, na baadaye akafanyiwa operesheni. Muda wote huo mimi sikuwepo. Kila kazi ilipokuwa na sehemu ya staha, nilikuwa naaga, nagongesha viatu, navua, narudi. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe sikumpa shikamoo, maana kumpa shikamoo ni kukiri kwamba nipo, na mimi sikuwepo. Hilo ndilo lililonichoma kuliko baridi. Nalala nyumbani nawaza, baba mkwe wangu anaumwa na mimi sijamwamkia.

Naye akatafuta njia yake. Siku moja akamwambia Tumaini, "Mke wangu wa Tukuyu, wewe una kitabu cha kazi hii, sivyo?"

"Ninacho, babu."

"Hebu kiulize kitabu chako. Mkojo wangu una rangi ya plamu. Kinasemaje?"

Ilikuwa ni baada ya operesheni, maji yanaingia kwenye kibofu kwa mpira na kutoka na damu. Nikanong'ona, na Tumaini akasoma hewani, "Kitabu kinasema plamu ni kawaida kwa siku za mwanzo, babu. Itafifia iwe chai ya rangi, halafu maji ya kawaida. Ila ukiona mabonge, au tumbo likijaa, utuite haraka."

"Kitabu kizuri hicho," akasema. "Kina sauti laini." Tangu hapo akawa anakiuliza kitabu kila jambo. Kama ataweza kulima, kama ataweza kusali na mpira mwilini. Hilo la sala kitabu hakikulijua, kikamtuma Hemedi kwa shehe, naye shehe akaleta jawabu kwamba mtu mwenye udhuru anatawadha kila wakati wa sala na kusali hivyo hivyo. Mzee akafurahi, akatandikiwa mkeka kando ya kitanda, mfuko wake umening'inia chini kwa adabu.

Kisha ikaja siku ya kutoa mpira. Wanangu, hiyo ndiyo siku ninayoiota. Mpira unatoka, na mtu anabaki na mwili wake mwenyewe. Akishindwa, anarudishiwa mpira, pengine wa maisha. Mzee Athumani alikuwa ameshamwambia Hemedi kwamba akirudishiwa mpira hatatoka nyumbani tena, hata msikitini. Tumaini alimpa beseni, akamnywesha maji, tukangoja. Ukungu umeziba madirisha yote. Alijaribu, hapakuwa na kitu. Akajaribu tena. Nikaanza kuona mabega ya kivuli chake kwenye pazia yanashuka.

"Kiulize kitabu," akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka.

Kitabu hakikujibu. Kilikuwa kimetoka. Nilikuwa nimezunguka nje ya ukuta, kwenye bomba lililo chini ya dirisha lake, kwa sababu Mama Elieza alinifundisha kwamba maji huitana. Nikalifungua kidogo, uzi mwembamba, yaanguke kwenye ndoo tupu. Nikasimama pale kwenye nyasi zilizolowa, peku, siwezi kuona kitu zaidi ya mkono wangu, nikiyasikiliza maji yangu na kuomba. Nikamwambia Mungu kwamba sitaki zaidi ya hilo. Halafu ndani ya sauti ya maji yangu nikasikia maji mengine. Nikafunga bomba ili niwe na hakika. Yale mengine yakaendelea.

Tumaini alipiga vigelegele, mpaka wagonjwa wa vitanda vingine wakaamka wakidhani kuna harusi.

Siku ya kuruhusiwa nilivaa viatu vyangu, nikajipanga koridoni kama mtu aliyetoka safari. Mzee Athumani akaja pole pole na Hemedi, kanzu imenyooshwa, kofia kichwani, juu yake koti la mtumba. Nikaingia pembeni. Nikapiga magoti, macho chini.

"Shikamoo, baba."

Akasimama. Sikutazama juu, niliona kanzu yake tu na ncha za makubadhi.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Habari za siku nyingi?"

"Nzuri, baba. Pole na kuumwa."

"Nimeshapoa." Akawa kama anayetaka kuondoka, kisha akabaki. Nikakumbuka, kwa mara ya kwanza, kwamba pazia lile la kijani halikuwa linafika chini.

"Sakafu ya huku ina baridi sana, mwanangu," akasema baba mkwe wangu. "Usiwe unavua viatu."